Nani Amelala Ndani ya Mnara?

Mkifika pale mlangoni, msikimbilie ngazi. Najua mtazikimbilia, kwa sababu kila kundi la wanafunzi nililowahi kulipokea lilizikimbilia, na kila kundi lilikuwa na mmoja aliyekwama katikati akihema huku wenzake wakimcheka. Ngazi zile zinazunguka kama konokono, na kichwa nacho kinazunguka. Tembeeni upande wa ukuta, ambako kidato ni kipana, na mkono mmoja ushike ukuta wenyewe. Kile kishikio cha chuma kilikuwa kinacheza tangu enzi zangu, na sina hakika kama kuna mtu amekumbuka kukikaza.

Nimeanza na ngazi kwa sababu Neema, mjukuu wangu, ameniambia nikianza na "nilizaliwa" hamtasoma. Neema ni mmoja wenu, vijana wa Balangdalalu na Hirbadaw mtakaokwenda na Mwalimu Paulina kuutembelea mnara wa taa nilioutunza maisha yangu yote ya kazi. Yeye ndiye aliyeniomba niandike kitu cha kusomwa kwenye basi. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya pipa la maji, kwa sababu kukaa siwezi. Bibi yenu anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, nazunguka tu uani. Sibishi. Ikifika saa kumi na mbili jioni miguu yangu inataka kupanda mahali, na hapa kwetu cha kupanda ni mlima Hanang au paa la zizi.

Tena wiki hizi nimezidi. Kijana anayeukagua mnara siku hizi alinipigia simu. Kile kioo kikubwa cha zamani kitateremshwa, taa ndogo ya sola itafungwa kwenye nguzo ya chuma nje, na ngazi zitafungwa kwa sababu ukuta umepata ufa. Akasema kundi lenu ndilo la mwisho litakaloruhusiwa kupanda. Mwalimu Paulina ameniwekea kiti kwenye basi. Daktari wa Katesh naye ameniambia kwamba kwa moyo nilio nao, ngazi za namna ile niziache kabisa. Sijamjibu mwalimu. Kwenda hadi pale nisipande, au kubaki hapa nisione, yote mawili yananichoma.

Ngoja nikafunge geti, ndama wanatoka.

Haya. Historia mtaulizwa na mwalimu, basi ishikeni kidogo. Mnara ule ulijengwa na Wajerumani, haohao wa boma la Mbulu, kwenye kisiwa kidogo upande wa Tanga. Wao walitoa amri. Mawe ya matumbawe yalibebwa na watu wa pwani, na chokaa ilichomwa palepale ufukweni. Mbele ya kisiwa kuna mwamba ambao maji yakijaa hauonekani, na huo mwamba ndio sababu ya mnara. Taa ya kwanza ilikuwa ya mafuta ya taa, karabai kubwa kupita zote mlizowahi kuziona. Katikati ya chumba cha juu kuna kioo kirefu kuliko mtu, vipande vingi vilivyopangwa kuzunguka taa, na kioo hicho ndicho kinachozunguka. Taa yenyewe haiwakiwaki. Inawaka wakati wote, ila kioo kikizunguka, mtu wa baharini anaona mwanga unakuja, unapotea, unakuja. Kila mnara una mwendo wake, na nahodha anautambua kama unavyomtambua ng'ombe wako kwa mwendo. Mwendo ukibadilika, au kioo kikisimama, ni hatari kuliko giza, kwa sababu nahodha atadhani yuko kwingine.

Mnauliza mtu wa Barabaig alifikaje huko. Hata mimi nilijiuliza. Nilikuwa nachunga ng'ombe wa baba, nikawa nazipitia zile mashine za kuvunia ngano kule Basotu, nikizisikiliza tu. Mwisho nikaacha fimbo, nikaajiriwa kuzipaka grisi. Fundi mmoja alipopata kazi pwani, alinichukua. Baba hakunifukuza wala hakunibariki. Aliacha tu kulitaja jina langu, na kwetu hilo ni zito kuliko kufukuzwa.

Kule nilimkuta Fundi Makame, mtunza taa mwenyewe, mzaliwa wa kisiwa. Alikuwa mfupi, mkali, na msafi kupita kiasi. Aliniita Mang'ati, jina tulilopewa na watu waliotuona maadui, nami nilinuna mpaka nikachoka kununa. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kufuta kioo. Kwanza unapiga vumbi kwa manyoya laini, ndipo unafuta kwa ngozi iliyolainishwa, kutoka juu kwenda chini, bila saa mkononi wala kifungo cha chuma kwenye shati. Alikuwa anakuja nyuma yangu na kukinusa. Ndiyo, kukinusa kioo. Alisema mafuta ya kidole hayaonekani mchana, usiku ndipo bahari inayaona.

Kazi ya pili niliyopewa niliifanya kwa akili yangu ya nyumbani. Magurudumu yanayobeba kile kioo yalikuwa yanalia, na grisi ilikuwa imetuishia. Nilikuwa na kibuyu cha samli nilicholetewa na dada yangu. Kwetu samli inalainisha ngozi, mwili, mpini wa mkuki, kila kitu kinacholia. Nikapaka. Magurudumu yakanyamaza, nikajiona fundi. Asubuhi ya pili sisimizi wa kisiwa kizima walikuwa wamepanda mnara, mstari mweusi kutoka mlangoni hadi juu, na wengine wameshatembea mpaka ndani ya kioo. Fundi Makame alisimama chini akiutazama ule mstari kwa muda mrefu.

"Mang'ati," akasema, "hebu niambie. Huko kwenu na taa mnazikamua?"

Tulisafisha siku nzima. Samli iliyobaki aliimaliza yeye, kwa mkate.

La pazia mlishike, maana mtaliona. Chumba cha taa kina mapazia mazito pande zote. Ukizima taa alfajiri, kabla jua halijapanda unayafunga. Kioo kile kilitengenezwa kukusanya mwanga na kuutoa nje, na jua likikiingilia kutokea nje, kinafanya vilevile kuelekea ndani. Kinachoma. Kofia ya Fundi Makame, ile nyeupe ya kushonwa kwa mkono, iliungua tundu ikiwa imetundikwa kwenye msumari, siku niliyochelewa kufunga pazia kwa kutazama pomboo. Kuanzia hapo hakuwahi kunikumbusha tena. Alikuwa akiligusa tu lile tundu.

Sasa baba. Hili ndilo nililotaka kuliandika, na mengine yote nilikuwa nalizunguka.

Kaka yangu mkubwa alifariki, ng'ombe wakabaki bila mtu. Baba akafunga lubega yake, akashika fimbo, akapanda basi Katesh bila kujua neno hata moja la njia, na watu wakampokezana mpaka Tanga. Alitua kisiwani asubuhi, akiwa hajawahi kuona bahari. Aliiangalia kidogo, akachota maji kwa kiganja, akaonja, uso ukakunjuka.

"Ni kama Balangida," akasema, yaani ziwa letu la chumvi. "Ng'ombe wangelamba hapa wangenenepa."

Halafu uso ukarudi kama ulivyokuwa. Akanieleza habari ya kaka, tukalia. Akaniambia mashua ikirudi, tunaondoka wote. Hakuuliza. Nikamwita Fundi Makame amweleze, lakini fundi alikuwa hoi kwa homa, amejifunika blanketi na meno yanagongana. Alimsalimia tu, na baba akamjibu kwa Kiswahili chake cha mnadani: "Mimi nataka mtoto yangu. Basi."

Mchana ule baba aliuzunguka mnara. Aliuzunguka polepole, akigusa ukuta mweupe kwa fimbo. Nyinyi wa Hirbadaw na Balangdalalu mnajua alichokuwa anakiona, wengine niwaeleze. Kwetu akifa mzee mkubwa, wa kuheshimiwa, hazikwi tu na kuachwa. Anajengewa bung'eda, kilima cha udongo kinachoinuliwa kwa miezi mingi, kinasiribwa, watu wanakuja kutoka mbali na pombe ya asali, wanakizunguka, wanaimba, wanaweka majani mabichi ambayo kwetu ni amani. Na juu yake hapandi mtu ovyo. Siku ya mwisho anapanda mtoto wa marehemu.

"Nani amelala humu?" baba akaniuliza.

Nami nilikuwa na haraka, naangalia mafuta. "Hakuna mtu, baba. Ni mnara wa taa tu."

"Watu hawajengi hivi kwa ajili ya hakuna mtu," akasema. Alidhani namficha.

Ilipofika jioni nikapanda kama kawaida. Nikawasha taa, nikatoka kwenye ile roshani inayozunguka juu, kufuta chumvi ya upepo kwenye vioo vya nje. Ndipo baba, aliyekuwa chini, akaniona. Sauti yake ilinifikia kama vile yuko ng'ambo ya bonde.

"Teremka!"

Nikachungulia. Alikuwa amesimama na fimbo ameiinua.

"Teremka! Baba yako hajafa! Unapanda juu ya nani? Mimi niko hapa, niko hai!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Machoni pake mtoto wake alikuwa amepanda juu ya kaburi la mgeni, mahali pa mtoto wa marehemu, mbele yake yeye aliye hai. Hakuna namna mbaya zaidi ya kumkana mzazi. Nilitaka kuteremka. Nawaambia kweli, nilishaelekea kwenye ngazi. Nikasikia mlio wa chuma, halafu kimya, na nilipotazama, kioo kilikuwa kimesimama.

Kioo kile kilizungushwa na jiwe zito lililoning'inia kwenye mnyororo katikati ya mnara. Unalipandisha kwa hendeli, likishuka polepole linakizungusha. Mnyororo ulikuwa umekatika. Taa inawaka, kioo hakizunguki. Fundi yuko kitandani, na baba yuko chini ananiita.

Sikuteremka. Nilikishika kioo kwa fremu yake ya shaba, nikaanza kukizungusha kwa kutembea, huku nahesabu kwa mdomo ili mwendo usibadilike, kwa wimbo wa kuwapeleka ng'ombe majini, kwa sababu ndio pekee ambao mwili wangu unaujua bila kufikiri. Baba aliniita mara nyingi. Baadaye hakuniita tena, na huko kunyamaza kuliniumiza zaidi. Nilitembea nikilizunguka lile dude mpaka kukapambazuka, nikijua kwamba chini ya miguu yangu namkosa mzee wangu, labda moja kwa moja.

Nimezunguka uani kidogo. Upepo wa mlimani umeanza. Nimerudi.

Kulipokucha nikaanza kushuka, miguu inatetemeka, nashika ukuta, upande mpana, kama nilivyowaambia. Nilikuwa sijafika chini niliposikia sauti za wanawake, nyingi, na ngoma ikigongwa kwa uchovu. Ilikuwa mashua ya watu waliotoka harusini kisiwa cha pili. Injini iliwazimikia katikati, mkondo ukawa unawapeleka kwenye mwamba, wakapiga kasia wakifuata mwanga mpaka wakapata mlango wa maji salama. Mama mmoja mnene, kanga zimelowa, hina bado nyekundu mikononi, alikuwa amesimama mbele ya mtu aliyeketi kwenye kizingiti. Mtu huyo alikuwa baba. Amekesha pale, mgongo ameupa mnara.

"Shikamoo, babu," mama akasema. "Wewe ndo mwenye taa?"

Nikasimama palepale kwenye ngazi. Jibu la swali lile lilikuwa limebeba maisha yangu, nami sikuwa tayari kulisikia.

"Mimi hapana," akasema. "Mwenye taa ni mtoto yangu. Iko juu."

Nilijiegemeza ukutani nikalia bila sauti.

"Mungu amuweke," mama akasema. "Isingekuwa yeye tulikuwa tumekwenda wote."

"Nyinyi mlikuwa mnakufa?" baba akauliza.

"Sote, babu! Na bibi harusi wetu huyo."

"Wangezika wapi?"

"Azikwe nani? Huku mtu haonekani tena. Analiwa na samaki."

Baba akanyanyuka. Kisiwa kile ni mchanga na miamba, majani mabichi yalikuwa sehemu moja tu, nyuma ya nyumba, pale Fundi Makame alipokuwa anamwaga maji ya kutawadhia. Baba alienda, akayang'oa, akarudi nayo, akayaweka kwenye kizingiti cha mnara, akatema mate kidogo juu yake kama wanavyobariki wazee. Wale wanawake walirudi nyuma wakampisha, ingawa hawakujua ni nini. Ndipo akanigeukia, maana nilishatoka.

"Ulisema kweli," akaniambia kwa lugha yetu. "Hakuna mtu humu. Wote wako hai."

Hapohapo Fundi Makame akatokea na blanketi lake, anatetemeka, lakini sauti iko palepale. "Mang'ati! Jua hilo linatoka! Taa hujazima, pazia hujafunga, unapiga soga na maharusi!"

Nami sikwenda. Nilisimama namtazama baba, kama mtoto mdogo anayesubiri kuruhusiwa. Hata fundi aliona kuna jambo, akafunga mdomo, kitu ambacho sikuwahi kukiona kabla wala baada.

"Panda," baba akasema.

Nikapanda.

Alikaa mpaka mashua iliyofuata. Wale wanawake walimletea samaki wa kukaanga kwa shukrani. Akapokea kwa mikono miwili, akasubiri wanawake wageuke, samaki akampa paka, maana sisi wachungaji wa zamani hatukuwa watu wa samaki. Ng'ombe aliwaweka kwa dada yangu na mumewe. Kila mtu aliyetoka Hanang baada ya hapo aliniletea salamu za baba, na jina langu likitajwa.

Miaka mingi mbele, mafuta yakaondoka ikaja gesi, ikaja jenereta, mnyororo ukawa mota, na mimi nikawa mzee anayepokea wageni. Wazungu na kamera, wanafunzi wa Tanga, maharusi wa kupiga picha. Niliwapandisha wote. Wengi walitaka kujua urefu. Hakuna aliyewahi kuuliza nani amelala humu, nami kila mara nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Baba alipofariki, wazee wa Balangdalalu wakamjengea bung'eda, na siku ya mwisho nilipanda mimi. Nilisimama juu nikawa natafuta bahari, mazoea tu. Niliona watu wengi sana, vumbi la ng'ombe, na Hanang iko palepale. Hapakuwa na taa ya kuwasha. Watu walidhani nalia kama desturi. Nililia kwa sababu mikono yangu haikuwa na cha kufanya, na nadhani kutulia kuliniacha siku ile.

Neema amepita hapa sasa hivi, akasoma juu ya bega langu.

"Babu, sasa unakuja au huji? Mwalimu anataka jibu leo."

"Nikija sipandi. Daktari amekataza."

"Si ukae chini?"

Amesema kirahisi, akaenda zake kukamua. Nami nimebaki na kalamu, kwa sababu ni kweli, kuna mtu alikaa pale chini, na bila huyo nisingepanda tena.

Mwambieni Mwalimu Paulina kiti nakichukua. Kila mmoja wenu ang'oe majani mabichi hapa nyumbani, muyafunge kwenye kitambaa chenye maji yasikauke njiani, kwa sababu kule hayapo. Tutayaweka kwenye kizingiti. Nitakaa palepale alipokaa baba, ila mimi uso nitaupa mnara. Vueni saa, msiguse kioo, pazia mkilikuta wazi lifungeni. Na atakayefika mlangoni akaanza kusitasita, akageuka kunitazama, atasikia neno moja tu.

Pandeni.